Radi ya kichwani haitumwi na jirani

Kama kichwa kinakugonga tangu asubuhi, basi ukurasa wa leo ni wako. Tulia hapohapo, usikimbilie kwanza picha za warembo, zenyewe haziendi popote.

Mimi ni mtoto wa Sumbawanga, wasomaji wangu wa siku nyingi mnalijua hilo. Nimekulia Chanji, nimekula ugali wa ulezi kwa migebuka mpaka nikaota ndevu. Tangu niingie Dar sijawahi kumaliza mwezi bila kutaniwa. Nikimdai mtu pesa yangu anaruka: "Aisee Mfipa, usinitumie radi, Jumamosi nakulipa!" Konda akinizungusha chenji, abiria wanamwonya: "Mrudishie huyo, katoka Sumbawanga, utakauka sasa hivi." Utani huo nimeuzoea, tena umenirudishia madeni mengi kuliko mahakama ya mwanzo. Hata jina la mji wetu watu husimulia kuwa maana yake ni "tupa uchawi", yaani ukifika pale ndumba zako ziache nje.

Lakini iko radi moja ambayo haina utani. Hii haihitaji wingu wala mvua. Inapiga ndani ya kichwa cha mtu mzima wa afya, anayepiga stori na wenzake, anayeinua ndoo ya maji, au aliyekaa chooni. Anashika kichwa kwa mikono miwili, anasema maneno mawili matatu, anatapika, anaanguka. Cha ajabu ni kwamba madaktari wa Ulaya na Marekani, ambao jina la Sumbawanga hawajawahi kulisikia, nao wanayaita maumivu hayo kwa jina la radi. Na wao hawamtafuti aliyeituma. Wanaangalia saa.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Radi hii ikipiga, hesabu saa, usihesabu maadui.

NINI KINAPASUKA?

Sumbawanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo nitatumia lugha ya fundi baiskeli. Umewahi kuona tairi lililochoka ubavuni, tyubu ikachungulia kama jicho la chura? Fundi akiliona anakwambia, "Kaka, hili usilipakie gunia la maharage." Ukipuuza, ukafika mteremkoni, paaa!

Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo nayo ina sehemu zake dhaifu, hasa chini ya ubongo, pale inapogawanyika kama njia panda. Damu inagonga pale mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Ukuta wa mshipa unalegea, unatokeza kinundu kama tyubu ile. Kitaalamu kinaitwa aneurizimu. Mimi nitakiita kinundu, ulimi usije ukateguka bure.

Watu wazima kama 3 katika kila 100 wanatembea na kinundu. Usishtuke! Vingi havipasuki kabisa. Mtu anaoa navyo, anazeeka navyo, anazikwa navyo bila kujua. Shughuli ipo kwa kile kinachopasuka. Damu inaruka kwa kasi na kuuzunguka ubongo ndani ya fuvu, na fuvu si mfuko wa rambo useme utatanuka. Ubongo unabanwa. Ndiyo maana maumivu yanafika kileleni ndani ya dakika moja tu.

Hii nayo ni kiharusi, japo ni kama 5 tu katika kila viharusi 100. Uchache wake usikudanganye. Viharusi vingine hupenda wazee, hiki huwakuta zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wale ambao familia nzima inawategemea, na vijana wa miaka 20 na kitu nao wamo. Kina mama wanapata zaidi kuliko kina baba. Wapo wanaokata roho kabla hawajafika hospitali, na wengi wanaopona wanabaki na alama ya maisha.

Kinachochochea? Mambo mawili makubwa yako mikononi mwetu: presha na sigara. Presha ya juu ni kama kuzidisha upepo kwenye tairi lile lililochoka. Sigara inakula ukuta wa mshipa taratibu. Ongeza pombe za kupitiliza na dawa za kulevya kama kokeini. La tatu ni ukoo: kama ndugu wawili wa tumbo moja, au mzazi na mtoto, wamepatwa na hili, waliobaki wamwone daktari kabla ya radi, siyo baada.

MASTAA NAO YAMEWAKUTA

Ukidhani haya ni mambo ya watu wa bara waliosahaulika, sikia hii.

Mwaka 1988, mwezi Februari, seneta mmoja wa Marekani mwenye miaka 45 alimaliza hotuba mjini Rochester, akarudi chumbani kwake hotelini. Kichwa kikampiga, akaanguka, akakaa saa kadhaa hajitambui. Kesho yake akajikongoja mpaka kwao. Hospitali ya Wilmington ikagundua mshipa umevuja. Ilitakiwa apelekwe hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, lakini theluji ilikuwa imefunga anga. Wakamsafirisha kwa gari la wagonjwa, kwa barabara, katikati ya theluji. Alifunguliwa fuvu, kinundu kikabanwa. Mwezi Mei akafunguliwa tena, upande wa pili nao ulikuwa na kinundu. Jina lake Joe Biden. Mwaka 2021 akaapishwa kuwa rais wa nchi hiyo.

Wapenzi wa tamthilia ya Game of Thrones mnamjua Emilia Clarke. Mwaka 2011, akiwa na miaka 24, alikuwa gym London anafanya mazoezi. Kichwa kikabana, akatambaa mpaka chooni, akatapika. Kinundu kilikuwa kimepasuka. Alitibiwa bila kufunguliwa fuvu, nitakueleza ilivyokuwa. Siku za mwanzo baada ya hapo alishindwa hata kutaja jina lake kamili. Mwaka 2013, kule New York, alitibiwa kinundu cha pili. Njia ileile ilishindikana, damu ikavuja, wakalazimika kufungua fuvu. Na masela wa hip hop mnakumbuka Januari 2021 Dr. Dre alipolazwa Los Angeles. Tatizo lilikuwa hilohilo.

Kwa hiyo usiniambie radi hii inabagua. Seneta kapigwa, muigizaji kapigwa, mtayarishaji wa muziki mwenye mamilioni ya dola kapigwa. Hakuna aliyesikika akiuliza nyanya gani wa jirani kawaroga.

YA MTAANI KWETU

Huku kwetu je? Kuna jamaa alikuwa seremala mtaani kwetu, namficha jina kwa heshima ya watoto wake. Mwanamume wa shoka, miaka thelathini na kitu, hajui homa. Asubuhi moja alikuwa anapiga randa, akaiacha randa juu ya ubao, akasema, "Nimepigwa kichwani." Wenzake wakageuka kumtafuta aliyempiga. Hakuna mtu.

Akatapika, akalala. Jioni akaamka, maumivu yamepungua kidogo. Mahali alikopelekwa kwanza akaambiwa ni malaria, akapewa dawa. Siku ya pili shingo ikakaza kama ubao wake mwenyewe, mwanga wa dirishani ukawa unamuumiza macho. Ukoo ukakaa kikao. Mmoja akasema uti wa mgongo, mwingine akasema hapana, hiki ni kitu cha kutumwa. Walioshinda ni wale wa kitu cha kutumwa. Akapelekwa kwa mtaalamu wa miti shamba, akachanjwa chale. Siku ya nne alfajiri kichwa kikampiga mara ya pili. Hiyo hakuamka.

Ngoja, kisa hakijaisha. Matanga hayajaanuliwa, vidole vikamwelekea bibi mmoja jirani, mjane, ambaye wiki ileile alikuwa amemdai marehemu pesa ya stuli. Macho yake mekundu ya moshi wa kuni yakawa ushahidi. Usiku mmoja mawe yakapiga bati lake. Alfajiri akafunga kitenge chake, akaondoka kwenda kwa binti yake, na mpaka leo ile nyumba ina majani mpaka dirishani.

Ule mshipa hakuna aliyeupiga picha, kwa hiyo kiapo siwezi kula. Lakini kila nilichokisoma baadaye, na kila daktari niliyemsimulia, jibu lao lilikuwa moja: dalili zile ni za kinundu kilichopasuka, kikaziba chenyewe kwa muda, halafu kikapasuka tena. Tulipoteza watu wawili, mpenzi msomaji. Mmoja kwa mshipa, mwingine kwa maneno.

KWA NINI SAA?

Shika hapa. Kinundu kikipasuka, mara nyingi damu inaganda pale kwenye tundu, inaziba kama kiraka cha tope. Mgonjwa anapata nafuu. Ndugu wanashangilia, eti dawa imeingia. Kumbe kiraka kile hakina gundi. Hatari ya kupasuka tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo, na inaendelea siku nyingi baada ya hapo. Mpasuko wa pili huua zaidi ya wa kwanza. Kwa hiyo ile nafuu ndiyo mlango wenyewe wa kupona, na mlango huo haukai wazi wiki nzima.

Ndani ya nafuu hiyo kinatakiwa kitu cha kwanza: picha ya kichwa kwa mashine ya CT-Scan. Ikipigwa ndani ya saa 6 tangu radi ipige, karibu kila mara damu itaonekana. Siku zikipita damu inafifia kwenye picha, na hapo daktari atataka kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano kiunoni. Najua mnavyoiogopa sindano hiyo, mtaani wanasema inalemaza. Acheni hizo. Inachomwa chini kabisa, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Kisha hufuata picha ya mishipa yenyewe, ya kuonyesha kinundu kiko wapi, kina ukubwa gani na shingo yake ikoje.

Habari njema ni kwamba mashine hizi zimesogea. Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na Uviko-19, sehemu ya fedha ilinunua CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Zamani neno hilo kwa mtu wa Rukwa lilikuwa na maana ya safari ya Mbeya au Dar. Leo mtu wa Ufipa anatakiwa adai kipimo hiki kama anavyodai risiti dukani.

KIBANIO AU WAYA?

Sasa tuje kwenye ufundi, maana najua mafundi mnanisubiri. Kiraka cha damu hakitoshi, lazima kinundu kizibwe. Ziko njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupitia juu. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo anafungua dirisha dogo kwenye fuvu, anapenya katikati ya mikunjo ya ubongo kwa darubini, anafika kwenye kinundu na kukibana shingoni kwa klipu. Klipu ni kama kibanio cha kuanikia nguo, ila hiki ni cha titani, kina urefu wa milimeta chache, na kinabaki humo maisha yote. Damu haiingii tena kwenye kinundu, mshipa unaendelea na kazi yake. Aliyefungua njia hii ni Mmarekani Walter Dandy, tarehe 23 Machi 1937, kule Baltimore, kwa klipu ya fedha. Baadaye Mturuki Gazi Yaşargil, akifanya kazi Zurich, akaingiza darubini na mikono laini kwenye kazi hii. Huyo mzee amefariki 2025 akiwa na miaka 99, na mabingwa wa dunia nzima wanamuita mwalimu.

Njia ya pili ni kupitia chini, na hii ndiyo waliyoanza nayo kwa Emilia Clarke. Fuvu haliguswi. Daktari anatoboa mshipa mkubwa kwenye kinena, au kifundo cha mkono, anaingiza mpira mwembamba mno. Anausukuma huku akiutazama kwenye skrini ya eksirei, unapanda tumboni, unapita kifuani, shingoni, mpaka ndani ya kinundu. Kupitia mpira huo anaingiza waya laini wa platini, mwembamba kama unywele. Ukifika ndani unajikunja wenyewe, mzunguko juu ya mzunguko, kama sufi unayoshindilia kwenye mto. Waya huo unaitwa koili. Kinundu kikijaa, damu iliyo ndani inaganda, mlango unafungwa.

Aliyebuni koili hiyo ni Muitaliano Guido Guglielmi, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa nayo Los Angeles mwaka 1990. Sikia utamu wake: ili koili ikatike kutoka kwenye waya unaoisukuma, daktari anapitisha umeme mdogo sana. Yaani radi ya kichwani inatibiwa kwa cheche ya umeme! Hapo watu wa Sumbawanga tusimame tupige makofi.

Ipi bora? Watafiti wakiongozwa na madaktari wa Uingereza waliwachukua wagonjwa 2,143 ambao wangeweza kutibiwa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, wakawagawa kwa kura. Majibu yalitoka mwaka 2002 kwenye jarida la Lancet. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa karibu 24 katika kila 100 kwa upande wa koili, na karibu 31 kwa upande wa klipu. Kwa hiyo pale njia zote mbili zinapowezekana, koili ina nafuu. Lakini koili nayo mara nyingine hulegea, mgonjwa akarudishwa mezani. Na vipo vinundu ambavyo shingo yake ni pana au vimekaa pabaya, hivyo vinataka klipu. Anayechagua ni kinundu chenyewe, siyo mgonjwa wala shemeji aliyesoma makala gazetini.

KUTOKA UFIPA MPAKA DAR

Haya, wapi hapa nchini? Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, jina lake ni la mifupa lakini ubongo nao ni kazi yake. Ndiko kwenye mabingwa wa upasuaji wa ubongo, na katika miaka ya karibuni kimepatikana chumba maalumu cha kutibu mishipa ya kichwa kwa njia ya mpira niliyoieleza. Jirani zetu Nairobi nao wako kazini siku nyingi. Mwaka 2009 madaktari wa huko walichapisha taarifa za wagonjwa wa vinundu wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ikawa dawa kwa wale waliokuwa wakidai ugonjwa huu Mwafrika haumpati. Unampata. Tatizo lilikuwa hatupigwi picha.

Sasa piga hesabu ya barabara. Mtu yuko Mtowisa, bondeni Rukwa. Kwanza aukwee Lyamba lya Mfipa mpaka Sumbawanga. Kutoka Sumbawanga upite Laela, Tunduma, mpaka Mbeya, ni zaidi ya kilometa 300. Mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 1,100. Lami ipo, siyo kama enzi zetu tulipokuwa tunafika Tunduma tumefanana na magunia ya unga kwa vumbi. Hata hivyo ni mbali, na mgonjwa huyu hatakiwi kurushwarushwa kwenye kiti cha nyuma cha basi akiwa amekaa.

Ndiyo maana simu itangulie gari. Picha ikishapigwa Sumbawanga, mwombe daktari awasiliane na wenzake wa Mbeya au MOI kabla ya kuondoka. Picha siku hizi inasafiri kwa sekunde, kitanda kinaandaliwa wakati gari liko njiani. Asafiri amelala, kichwa kimeinuliwa kidogo, na muuguzi pembeni wa kuangalia presha na kumpa dawa ya maumivu na ya kutapika. Biden alivuka theluji kwa gari akafika. Sisi tuna Lyamba, na Lyamba linavukika.

Na ukishazibwa kinundu usidhani ndiyo mwisho wa filamu. Kati ya siku ya 4 na ya 14 mishipa ya ubongo inaweza kusinyaa yenyewe na kuunyima ubongo damu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa vidonge vya nimodipini kila baada ya saa 4 kwa siku 21. Wengine maji yanajaa kichwani, yanatakiwa kutolewa kwa mpira. Kwa hiyo yule ndugu anayelalamika, "Kashafanyiwa operesheni, kwa nini hawamruhusu?" muelimisheni.

Hata ukirudi nyumbani, unaweza kuwa umebadilika. Kuchoka haraka, kusahau majina, hasira za ghafla, kulia ovyo. Mke asiseme mume kageuka, mume asiseme mke kajidekeza. Ubongo ulioogeshwa damu unapona kwa miezi, siyo kwa wiki.

KATA UBANDIKE UKUTANI

Chukua mkasi, kipande hiki ni chako.

Moja. Kichwa kikimpiga mtu ghafla, maumivu yakafika kileleni ndani ya dakika, makali kuliko yote aliyowahi kupata, ni hospitali. Hata kama baada ya saa moja anacheka.

Mbili. Ongeza wasiwasi ukiona anatapika, shingo inakaza, mwanga unamuumiza, anaona vitu viwiliviwili, kope moja limeanguka, anatetemeka kama mwenye kifafa au amezimia. Malaria na uti wa mgongo huja na homa inayopanda. Radi hii haipandi, inapiga.

Tatu. Angalia saa iliyompiga, iandike hata kwenye kiganja. Daktari ataiuliza.

Nne. Usimpe aspirini wala diklofenaki, zinazuia damu kuganda. Usimpe uji wala maji kama amelegea, atapaliwa. Mlaze ubavu. Usimpe kidonge cha presha cha baba mkwe.

Tano. Ukifika, sema maneno haya: "Maumivu yamempiga ghafla kama radi, saa fulani. Tunaomba CT-Scan." Kwa adabu, lakini usitoke bila jibu. Wengi wa wenye maumivu ya namna hii watakutwa hawana kinundu kilichopasuka. Hiyo ni habari ya kuchinjia kuku, siyo ya kujutia nauli.

Sita. Wewe ambaye huumwi, pima presha mwezi huu. Na hiyo sigara iliyo kidoleni wakati unasoma hapa, izime.

Saba. Mtu akifa ghafla, usimtafute mchawi. Waulize madaktari. Kama hamkupata jibu, kaeni na huzuni yenu bila kumwongezea mjane wa jirani mzigo.

Wazee wa Ufipa watasema nimewadharau. La hasha. Upande wetu wa ziwa, pale Karema, alifika mwaka 1889 daktari Adrian Atiman, Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta. Aliwatibu babu zetu mpaka alipofariki mwaka 1956, na Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake. Babu zetu walimwendea miaka yote hiyo, kwenye njia za miguu, kabla ya lami na kabla ya simu. Kwa hiyo kwenda kwa daktari si uzungu uliotuvamia jana. Ni mila yetu pia, tena ya zaidi ya miaka mia moja.

Haya, nafasi imekwisha, mhariri ananitolea macho. Wiki ijayo, panapo majaliwa, nitawajibu kina dada walioniandikia kuhusu wachumba wanaoahidi ndoa kila mavuno ya maharage. Hao nao ni radi, ila hospitali yao haijajengwa. Kwaherini, na pimeni presha!